Nyuki Jirani ya Nyumba: Ufugaji wa Mizinga Michache katika Same na Milima ya Upare

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Moshi kwa barabara kuu huipita Wilaya ya Same akiwa na Milima ya Upare mkono wake wa kulia. Mbele yake hutanda tambarare kavu, yenye migunga, mibuyu, mikonge na vichaka vya miiba. Mji wa Same upo chini ya milima hiyo, upande ambao milima huukinga na pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi. Kwa sababu hiyo mji hupata mvua ya kiasi cha milimita 500 hadi 600 tu kwa mwaka. Lakini mtu akiupanda mlima hukutana na nchi nyingine kabisa. Huko kuna migomba, mibuni, miparachichi na mashamba ya tangawizi, na juu zaidi upo msitu mnene wa Chome, ambamo kilele cha Shengena hufikia mita 2,462 kutoka usawa wa bahari.

Nyuki huishi katika nchi hizi mbili. Maua ya tambarare na maua ya mlimani hayachanui kwa wakati mmoja, wala hayadumu kwa muda ulio sawa. Kwa hiyo maisha ya nyuki wa Upare ni maisha ya kufuata majira: kushiba kwa majuma machache, kuweka akiba, kisha kuvumilia kiangazi. Asali tuipendayo ndiyo akiba hiyo.

Watu wengi, wakiwamo walimu na wanafunzi, hupenda kufuga nyuki katika mizinga miwili au mitatu, kwa kujifurahisha na kwa kupata asali ya nyumbani. Je, jambo hili lawezekana bila ya kuwahatarisha watoto na mifugo? Na kwa nini mara nyingi mzinga uliojaa nyuki mwezi huu huwa mtupu mwezi ujao? Katika makala haya tutajaribu kuonyesha kwamba maswali haya mawili yana jibu moja. Nyuki wetu hafungwi kama kuku au mbuzi. Hukaa mahali kwa hiari yake, na huondoka kwa hiari yake. Mfugaji mwenye busara hujifunza mambo yanayomfanya nyuki akae, na mambo yanayomfanya aondoke au ashambulie.

NYUKI WETU NI WA AINA GANI?

Nyuki wa asali wa sehemu kubwa ya Afrika ya Mashariki ni wa jamii iitwayo na wataalamu Apis mellifera scutellata. Ni mdogo kuliko nyuki wa Ulaya. Hata vijumba vya masega yake ni vidogo zaidi: kijumba cha nyuki kibarua wa Ulaya kina upana wa milimita 5.4 hivi, na cha nyuki wetu hakifiki milimita 5. Katika miinuko mirefu ya Afrika ya Mashariki yuko nyuki mwingine mweusi na mpole kidogo, Apis mellifera monticola, ambaye alielezwa kisayansi mwaka 1961 na F. G. Smith, mtaalamu aliyekuwa akifanya kazi ya ufugaji wa nyuki Tanganyika.

Kundi la nyuki lina malkia mmoja atagaye mayai, vibarua wa kike maelfu kwa maelfu, na madume mamia kadhaa ambao kazi yao ni kupandana na malkia wachanga. Kutoka yai hadi nyuki kamili, malkia huchukua siku 16 hivi, kibarua siku 20 au 21, na dume siku 24. Wakati wa kazi nyingi kibarua huishi majuma sita tu. Kwa hiyo nyuki aliyeonja ua la mwanzo la masika hayupo tena kuonja asali yake katika kiangazi. Kinachoishi muda mrefu ni kundi.

Tabia za nyuki huyu zimetokana na nchi aliyozaliwa. Nyuki wa Ulaya hukabiliana kila mwaka na baridi ndefu ambayo hawezi kuikimbia. Basi hulundika asali nyingi na kutulia ndani. Nyuki wa Afrika hukabiliana na ukame usiotabirika, moto wa nyika, nyegere, siafu, na binadamu aliyemwinda kwa maelfu ya miaka. Dhidi ya maadui hawa ana njia mbili: kuchoma kwa wingi na kwa haraka, na kuhama. Njaa ikiingia, maji yakikauka, au mzinga ukisumbuliwa mara kwa mara, kundi zima pamoja na malkia wake hunywa asali iliyobaki na kwenda zake.

Dunia ilipata kuzijua tabia hizi kwa mshangao. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alichukua malkia wa nyuki kutoka Afrika ya Kusini na Tanganyika ili azalishe nyuki wanaofaa nchi za joto. Mwaka 1957 makundi 26 yalitoroka karibu na mji wa Rio Claro. Katika miongo iliyofuata wazao wao, waliochanganyika na nyuki wa Ulaya, walienea karibu Amerika ya Kusini yote na ya Kati, na mwaka 1990 walifika Marekani. Huko waliogopwa sana kwa ukali wao. Hata hivyo, wafugaji wa Brazil walijifunza upya kazi yao: wakaiondoa mizinga karibu na nyumba, wakavaa mavazi bora na kutumia moshi zaidi, na nchi yao ikawa miongoni mwa nchi zinazouza asali nyingi nje.

MAHALI PA KUWEKA MZINGA

Hapa ndipo mfugaji wa nyumbani hukosea au kufaulu. Neno "nyumbani" lisieleweke kuwa ni chini ya dirisha. Mzinga wa nyuki wakali haufai kuwekwa uani, palipo watoto, mbuzi waliofungwa kamba au njia ya kwenda kisimani. Ushauri wa kawaida ni kuuweka mita 200 hadi 300 kutoka kwenye nyumba, barabara, shule na malisho. Pembezoni mwa shamba, nyuma ya kichaka kinene au katika genge lisilolimika ni mahali panapofaa. Ua wa miti yenye urefu wa mita mbili au zaidi husaidia, kwani nyuki hulazimika kupaa juu ya vichwa vya watu.

Jambo la pili ni kivuli. Nyuki huhifadhi joto la sehemu ya majana, yaani watoto wao, kati ya nyuzi 34 na 35 za Selsiasi, mchana na usiku. Katika tambarare ya Same jua la mchana huweza kuupasha mzinga kupita kiasi hicho. Vibarua huacha kutafuta chakula, huenda kuteka maji, huyapaka matone membamba juu ya masega na kupiga mabawa ili maji yageuke mvuke na kupoza mzinga. Hii ni kanuni ile ile ipoozayo maji katika mtungi wa udongo. Kundi linalotumia siku nzima kujipoza halina wakati wa kukusanya asali. Tena nta, ingawa huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, hulegea mapema zaidi. Sega jipya lililojaa asali huweza kukatika na kuanguka, na nyuki wakahama.

Jambo la tatu ni maji. Karai lenye mawe au vijiti vya kutulia, likijazwa kila siku wakati wa kiangazi, huzuia nyuki wasiende kuvamia bomba la jirani. Liwekwe mapema, kabla nyuki hawajazoea mahali pengine, maana wakishazoea si rahisi kuwageuza.

La nne ni chakula. Nyuki huweza kuruka kilomita kadhaa, ila hupata faida zaidi maua yakiwa ndani ya kilomita mbili au tatu. Kibarua aliyevumbua maua huwaarifu wenzake kwa kucheza juu ya sega. Mwelekeo wa mchezo huonyesha upande wa kwenda ukilinganishwa na jua, na muda wake huonyesha umbali. Karl von Frisch, aliyeigundua lugha hii, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili. Mfugaji hana budi kuyajua maua ya eneo lake kama nyuki ayajuavyo. Katika tambarare yapo maua ya jamii mbalimbali za migunga. Mmojawapo ni kikwata, mti wa miiba iliyopinda ambao aghalabu huchanua kabla ya mvua. Jina lake la kisayansi, Senegalia mellifera, lina neno lile lile lililo katika jina la nyuki: mellifera, maana yake "mleta asali". Mlimani kuna mibuni, miparachichi, mikaratusi na maua ya msituni.

MZINGA WENYEWE

Mizinga ya asili ni magogo yaliyochongwa ndani na kutundikwa mitini. Ina sifa zake: ni imara, haina gharama kubwa, na ubao wake mnene hukinga joto. Mizinga ya magome haisifiki vivyo hivyo, kwa kuwa mti uliochunwa gome pande zote hufa. Kasoro ya gogo ni kwamba nyuki hushikamanisha masega na kuta zake. Mrinaji hawezi kulitazama sega moja bila ya kulikata, na gizani, akiwa na mwenge, huweza kukata majana pamoja na asali.

Katika miaka ya 1970 wataalamu waliokuwa wakifanya kazi nchini Kenya walieneza mzinga wa pau za juu, ambao umezoeleka pia Tanzania. Ni sanduku lenye kuta zilizoinama, pana juu na jembamba chini. Juu yake hupangwa pau za mbao zinazogusana, na kila upau una upana wa milimita 32. Kipimo hiki hakikubuniwa ovyo. Ndio umbali ambao nyuki wa Afrika huuacha wenyewe kutoka katikati ya sega moja hadi katikati ya sega la pili. Fundi akiongeza milimita chache, nyuki hujenga masega yakatishayo pau mbili, na faida yote ya mzinga hupotea. Katikati ya upau, upande wa chini, hubandikwa utepe mwembamba wa nta uwaongoze nyuki waanzie hapo.

Kanuni ya nafasi ni ya zamani kidogo. Mwaka 1851 L. L. Langstroth wa Marekani alitambua kwamba nyuki huacha wazi nafasi ya milimita 6 hadi 9 hivi kwa ajili ya kupita. Nafasi iliyo ndogo kuliko hiyo huizibwa kwa gundi, na iliyo kubwa hujazwa masega. Juu ya kanuni hiyo alijenga mzinga wa fremu. Mzinga huo hutoa asali nyingi, lakini unahitaji vipimo sahihi sana na mashine ya kuzungusha masega. Kwa mtu anayeanza, au kwa karakana ya shule, mzinga wa pau unatosha.

Mzinga utundikwe kwa waya kati ya nguzo mbili, kimo cha kiuno. Nyegere hawezi kuupindua kwa urahisi, na waya zikipakwa grisi siafu hawapiti. Nyasi za chini zifyekwe, kwani ni daraja la siafu.

KUWAPATA NYUKI

Si lazima kununua nyuki. Katika majira ya maua makundi hugawanyika, na malkia mkongwe hutoka na nusu ya kundi kutafuta makao mapya. Mzinga safi, usio na harufu ya rangi, uliosuguliwa ndani kwa nta na gundi ya nyuki, huwavuta. Wafugaji wengi hutumia pia majani ya mchaichai, na kemia inaunga mkono desturi hii. Vibarua wanaowaita wenzao hutoa harufu kutoka kwenye tezi iliyo karibu na ncha ya tumbo, na miongoni mwa viambato vyake ni sitrali, kiambato kile kile kinachoupa mchaichai harufu yake.

Mzinga wa chambo utundikwe kabla maua hayajaanza. Kundi likiingia, liachwe. Katika majuma ya mwanzo nyuki hawana majana wala akiba ya kuwazuia kuondoka, na mwenye mzinga akifungua kila siku kutazama, huwafukuza kwa mkono wake mwenyewe.

MWIBA NA MOSHI

Mwiba wa kibarua una meno kama chusa. Akimchoma mtu, mwiba hubaki ndani ya ngozi pamoja na kifuko cha sumu, na nyuki mwenyewe hufa. Hapo hapo mwiba hutoa harufu ya kuwaita nyuki wengine. Kiambato chake kikuu, isopentili asetati, ndicho kinachopatikana pia katika harufu ya ndizi mbivu. Kwa sababu hiyo mtu aliyechomwa mara moja huchomwa upesi mara ya pili mahali pale pale.

Mwiba uondolewe haraka iwezekanavyo, kwa kukwangua au kwa kuvuta, kwa maana sumu huendelea kuingia kwa nukta kadhaa. Kisha mtu aondoke taratibu, ajipulizie moshi mahali palipochomwa ili kufifisha harufu. Uvimbe na maumivu ni vya kawaida. Lakini mtu akipatwa na shida ya kupumua, uvimbe wa ulimi au uso, vipele mwili mzima au kizunguzungu, hiyo ni dalili ya hatari, na apelekwe hospitali bila kusubiri, hata kama alichomwa na nyuki mmoja tu. Mtu aliyewahi kupatwa na hali hiyo asifuge nyuki. Mtu aliyevamiwa na kundi akimbie moja kwa moja, akifunika uso, hadi ndani ya nyumba au gari. Kujitupa majini si kinga, kwani nyuki humngoja.

Moshi hufanya kazi mbili. Kwanza, huidhoofisha hisi ya kunusa ya nyuki, na wito wa hatari hauwafikii sawasawa. Pili, huwafanya nyuki wakimbilie asali na kujijaza, kana kwamba moto wa nyika unakaribia na wanajiandaa kuhama. Nyuki aliyeshiba ni mzito wa kuchoma. Moshi unaofaa ni mweupe, wa baridi na wa polepole, kama wa kinyesi kikavu cha ng'ombe, magunzi au gunia la mkonge lisilo na mafuta, ukitoka katika bomba la moshi. Mwenge wenye ndimi za moto huua nyuki, hutia asali harufu, na umekuwa chanzo cha mioto ya misitu. Katika nchi kavu kama ya Same, hili si jambo dogo.

Kazi ifanywe jioni, jua likielekea kuzama, na watu wawili waliovaa kofia yenye wavu, glavu, buti na nguo nyeupe zisizo na matundu. Asiwepo mtoto wala mnyama karibu.

ASALI HUWAJE ASALI?

Mbochi, yaani maji matamu ya maua, si asali bado. Kwa kawaida huwa na maji mengi kuliko sukari, na sukari yake kubwa ni sukrosi. Nyuki huongeza vimeng'enya kutoka kwenye tezi zake. Kimoja huivunja sukrosi kuwa glukosi na fruktosi. Kingine hubadili sehemu ya glukosi kuwa asidi, na katika kazi hiyo hutokea haidrojeni peroksaidi kidogo, dawa ile ile ya kuosha vidonda. Wakati huo huo nyuki huyapunga maji kwa mabawa usiku na mchana. Maji yakipungua hadi chini ya asilimia 20 hivi, hufunika kijumba kwa kifuniko cha nta.

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa kazi hii. Tuseme mbochi una sukari asilimia 40, na asali ina sukari asilimia 80. Kwa kilo moja ya asali zahitajika kilo mbili za mbochi. Nyuki mmoja hubeba kiasi cha miligramu 40 kwa safari moja. Kilo mbili ni miligramu 2,000,000. Basi safari ni 50,000, bila ya kuhesabu asali waliyokula njiani.

Sasa tunaweza kujibu swali la wakati wa kurina. Sega lililo tayari ni lile ambalo angalau robo tatu ya vijumba vyake vimefunikwa kwa nta nyeupe. Sega lisilofunikwa lina maji mengi. Asali yake itaumuka kwa hamira zilizomo na kuchacha. Katika mzinga wa pau, majana hukaa karibu na mlango wa nyuki, na asali hukaa mbali nao. Mrinaji aanze upande wa asali, anyanyue upau mmoja mmoja, na asimame mara aonapo majana au chavua.

Je, abakize kiasi gani? Hapa ndipo penye kishawishi kikubwa. Mwisho wa maua mzinga ni mzito, na mtu hutamani kuumaliza. Lakini mbele ya nyuki kuna kiangazi. Katika tambarare, ambako kiangazi ni kirefu, ni busara kubakiza masega manne hadi sita yenye asali, pamoja na majana yote, na zaidi ikiwa mvua zilikuwa haba. Anayechukua yote hupata kilo chache zaidi mara moja, kisha mzinga mtupu uingiao nondo wa nta. Mzinga mzuri wa pau, usiosumbuliwa, huweza kutoa kilo 10 hadi 20 kwa mwaka mwema. Mwaka mbaya usitoe kitu, na mfugaji akubali.

KUCHUJA NA KUPIMA

Masega yavunjwe katika chombo safi na kikavu, asali ijichuje yenyewe kupitia kitambaa au wavu mwembamba. Isichemshwe, kwani joto huharibu vimeng'enya na manukato. Iwekwe katika mitungi ya kioo au plastiki safi yenye kifuniko kinachobana, kwa sababu asali huvuta unyevu wa hewa. Asali isipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, maana yaweza kuwa na mbegu za bakteria zinazoweza kumdhuru mtoto mchanga.

Watu wengi hudhani kwamba asali iliyoganda imetiwa sukari. Dhana hii si sahihi. Glukosi huyeyuka kwa shida kuliko fruktosi, na asali yenye glukosi nyingi huganda, hasa kwenye baridi ya mlimani. Mtungi ukiwekwa ndani ya maji ya uvuguvugu, asali hurudi hali yake. Hali kadhalika, kuna wanaopima asali kwa kuidondosha juu ya karatasi au kwa kuchovya njiti ya kiberiti na kuiwasha. Vipimo hivi huonyesha tu kama asali ina maji mengi au machache. Sharubati nzito ya sukari huvifaulu vyote.

NYUKI WADOGO WASIOUMA

Kwa mtu ambaye kiwanja chake ni kidogo na nyumba zimesongamana, liko suluhisho jingine. Wapo nyuki wadogo, weusi, wasio na mwiba wa kuchoma, ambao hukaa katika matundu ya miti na kuta. Hawajengi masega ya asali. Huhifadhi asali katika vijungu vidogo vya nta iliyochanganywa na utomvu. Kigogo chao huweza kutundikwa chini ya upenu wa nyumba bila hatari. Asali yao ni kidogo, nyepesi na yenye uchachu, na maji yake ni mengi, hivyo haidumu kama ile ya nyuki wakubwa. Lakini kwa shule ni kifaa bora cha kufundishia, kwani wanafunzi huweza kukaa karibu na kuangalia.

FAIDA ISIYOONEKANA MTUNGINI

Faida ya nyuki haiishi katika asali. Mwaka 2002 mtaalamu David Roubik alieleza kwamba katika Panama mibuni iliyotembelewa na nyuki ilizaa kwa zaidi ya asilimia 50 kuliko matawi yaliyozuiwa nyuki, ingawa mbuni wa Arabika huweza kujichavusha wenyewe. Mparachichi nao una desturi ya pekee: ua lake hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, baadaye likiwa dume, na lahitaji mdudu wa kuhamisha chavua. Kwa hiyo mkulima wa mlimani anayepiga dawa ya wadudu wakati wa maua hujipunguzia mavuno yake. Ikiwa lazima dawa ipigwe, ipigwe jioni, nyuki wakiwa wamerudi.

Kwa upande wa tambarare, kunako mashamba yanayopakana na Hifadhi ya Taifa ya Mkomazi, nyuki wana kazi nyingine. Uchunguzi wa Lucy King na wenzake nchini Kenya, uliotangazwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba tembo wengi hukimbia wasikiapo mvumo wa nyuki waliokasirika. Tangu hapo wakulima wa Sagalla, ng'ambo ya mpaka karibu na Tsavo, wamezungushia mashamba yao waya zilizotundikwa mizinga. Uzio huo hupunguza uvamizi wa tembo, ingawa hauuondoi kabisa, na hufanya kazi pale tu mizinga inapokuwa na nyuki. Hapa tena tunarudi kwenye kanuni yetu: mzinga uliohamwa hauna faida.

KAZI KWA WANAFUNZI

1. Kalenda ya maua. Chagueni miti kumi karibu na shule. Kila juma andikeni ni ipi inayochanua, na hesabuni nyuki wanaotua kwa dakika tano. Baada ya mwaka mmoja mtajua miezi ya shibe na ya njaa katika eneo lenu. Shule ya tambarare na shule ya mlimani zinaweza kubadilishana kalenda.

2. Ukomavu wa asali. Pimeni uzito wa chupa tupu, kisha ikiwa imejaa maji, kisha ikiwa imejaa asali kwa kimo kile kile. Gawanyeni uzito wa asali kwa uzito wa maji. Asali iliyokomaa hutoa 1.40 au zaidi. Ikipungua hapo, maji yake yamezidi. Elezeni kwa nini jaribio hili haliwezi kugundua asali iliyotiwa sharubati.

3. Kupoza kwa mvuke. Zungusheni kitambaa kibichi kwenye kipimajoto kimoja, kingine kiacheni kikavu, kisha vipepeeni vyote. Linganisheni matokeo na kazi ya nyuki wakati wa mchana.

HITIMISHO

Kabla ya kuanza, mfugaji na awaulize jirani zake, na aonane na ofisa wa nyuki wa wilaya, kwani ufugaji huu una sheria yake, Sheria ya Ufugaji Nyuki ya mwaka 2002. Kisha atundike mzinga mmoja, kivulini, karibu na maji, mbali na njia, na asubiri. Ikiwa baada ya kiangazi nyuki bado wanaingia na kutoka mlangoni, basi amefaulu mtihani ulio mgumu kuliko kurina asali, na mzinga wa pili waweza kutundikwa.